Wakibusu tunatafuta rimoti, wakichinjana tunaendelea kula. Wazazi tuna akili gani?

#1 Kigoda
Wakuu, salama?

Jana usiku nyumbani kwangu Mbagala. Tumekaa sebuleni: mimi, mama watoto, watoto wawili (miaka 8 na 12) na mama yangu mzazi aliyekuja kwa matibabu. Muvi ya kivita. Kwa muda wa dakika 40 hivi watu wanakufa kama kumbikumbi. Kuna mmoja kapigwa panga la shingo, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha kamera. Mdogo anacheka, bibi yake anasema "muone alivyodondoka!" Mimi namega tonge.

Mara steringi akakutana na mchumba wake kwenye ngazi. Wakatazamana. Muziki ukabadilika. Wakuu, nilitoka jasho. Nikaanza kukohoa, rimoti siioni, kumbe mama watoto kaikalia. Nikamtuma mdogo maji jikoni, mkubwa nikamwambia akaangalie geti kama limefungwa. Busu lenyewe halikumaliza sekunde tatu. Mtoto anarudi na maji, watu wameshaanza tena kuchinjana, tukaendelea kula.

Usingizi haukuja. Kati ya vile viwili, kipi kingemharibu mwanangu? Na kwa nini mkono wangu unakimbilia rimoti kwa busu tu, kwa panga umetulia kwenye sahani?

Nawasilisha.

#2 Pweza Mkavu
Nimekaa kiti cha mbele. Ngoja wajuvi waje.

#3 Kanyaboya
"Kaangalie geti" hahahaha. Kwetu ilikuwa "kamwite kaka yako". Kaka mwenyewe yuko Songea.

#4 Fundi Dishi
Mimi nafunga madishi na ving'amuzi. Ving'amuzi ninavyofunga vina namba ya siri ya kuzuia chaneli au vipindi kwa umri, na nikimaliza kazi huwa nauliza, "mzee, nikuwekee?" Wengi wanasema acha. Wachache wanaokubali wanataka nifunge chaneli za muziki na za tamthilia. Sijawahi kuambiwa nifunge za ngumi na mapanga. Kuna mama mmoja tu alitaka nizuie mieleka, na si kwa ajili ya maadili: wanawe walikuwa wamevunja kitanda cha pili.

#5 Shangazi Mdogo
Kigoda, jibu umeliandika mwenyewe ila hujaliona. Mama yako alikuwepo pale. Ile aibu haikuwa ya mtoto, ilikuwa yako.

Mimi huwa nahamisha chaneli hata watoto wakiwa wamelala, ilimradi baba mkwe yupo. Nina miaka 41, nimezaa watatu, na yeye ndiye aliyepokea mahari. Anajua fika hao wajukuu hawakuletwa na korongo. Lakini kukaa naye kochi moja tukiangalia watu wanabusiana, bora ardhi ipasuke. Kuangalia watu wanauana pamoja na mkwe hakuna neno, kwa sababu kifo hakitukumbushi chochote tulichofanya jana usiku.

Basi tusiwasingizie watoto.

#6 Kigoda
Shangazi, umenipiga pabaya. Ila nikiwa na watoto peke yao pia nahamisha. Kwa utaratibu kidogo, lakini nahamisha.

#7 Ustadh_K
Sikubaliani na Shangazi. Jambo liko wazi. Matamanio ya mwili yamo ndani ya kila mtoto, yanasubiri umri na kichocheo. Kijana akiona busu, anatamani busu. Akiona mtu anachinjwa, hatamani kuchinja, anaogopa au anacheka. Unafunga mlango ambao mwizi anaweza kupita, huhangaiki na ukuta. Kwa hiyo mkono wa Kigoda una akili kuliko Kigoda.

#8 Dereva wa Usiku
> Ustadh_K: hatamani kuchinja, anaogopa au anacheka

Hatamani? Tabora, 1996. Mimi na mdogo wangu tumetoka kibanda umiza, tumeangalia mkanda wa Kichina, wazee wenye ndevu nyeupe wanaruka juu ya mapaa. Dogo akapanda mwembe wa jirani, akafunga kitambaa kichwani, akaruka huku anapiga kelele. Mkono ulivunjika pawili. Mpaka leo haunyooki, na ukimwangalia anavyoshika usukani utajua.

Sijawahi kusikia mtu kavunjika mkono kwa sababu ya kubusu.

#9 Kanyaboya
Inategemea unambusu mke wa nani.

#10 Pweza Mkavu
Mbavu zangu.

#11 Mwl. Chaki
Kuhusu kuiga, kuna jaribio maarufu la mwaka 1961 pale Stanford. Albert Bandura aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima anampiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, kisha akawaacha na mwanasesere. Wengi walimtandika vilevile, mpaka na maneno yaleyale. Waliompinga wakasema mwanasesere yule kaundwa ili apigwe, ukimsukuma anainuka tena, ulitaka mtoto amfanyie nini? Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Lakini mimi naona chanzo ni cha nyuma zaidi ya runinga. Bibi zetu walituambia nini jioni? Zimwi limemeza kijiji kizima, mtoto akalipasua tumbo kwa kisu, watu wakatoka. Fisi kachomwa, kapigwa, kaachwa afe, watoto tunacheka. Kanisani, shule ya Jumapili, tulichorewa Daudi ameshika kichwa cha Goliathi, na picha tukapewa tupake rangi. Damu nilipaka nyekundu, nikapewa alama zote. Ila Daudi huyohuyo alipopanda darini akamwona mke wa Uria anaoga, hiyo hatukuchorewa. Niliisoma mwenyewe nikiwa kidato cha pili, kwa tochi.

#12 Mtu wa Malmö
Salamu kutoka kwenye baridi. Huku Sweden ni kinyume kabisa na hapo kwa Kigoda, na mwanzo ilinishangaza.

Walikuwa na ofisi ya serikali ya kukagua filamu tangu 1911. Mwaka 1982 ilipotoka E.T., ile ya kiumbe cha angani kinachotaka kurudi kwao, dunia nzima wanaipeleka familia. Huku ikawekewa umri wa miaka 11. Mwili uchi, wao hawashtuki sana. Nimeangalia filamu na majirani zangu, watu wanaoga ziwani kama walivyozaliwa, baba na watoto wametulia kimya. Alipotokea jamaa anampiga mwenzake teke la uso, mama akainuka akaizima. Nilibaki namwangalia.

Ile ofisi haipo tena, ukaguzi wa filamu za watu wazima ulikoma mwisho wa 2010. Sasa yamebaki madaraja ya watoto tu: 7, 11 na 15, pamoja na zile za kila mtu. Na wanachopima ni kama itamdhuru mtoto, hawapimi kama itamwaibisha baba yake.

Nadhani sababu ni hii: Sweden ilipiga marufuku kumchapa mtoto mwaka 1979, hata nyumbani, nchi ya kwanza duniani. Mtoto wa huku kofi halijui. Akiliona kwenye kioo ni jambo geni. Mtoto wa Mbagala anaona kofi, anaona ni Jumanne.

#13 Mwl. Chaki
Malmö, umenigusa. Kanuni zetu za viboko mashuleni nazo ni za mwaka huohuo, 1979. Wao wanafuta, sisi tunaandika utaratibu. Baadaye vikapunguzwa kutoka sita hadi vinne, na mchapaji akatajwa kuwa mkuu wa shule. Kama wanahesabu, mimi sijui, nipo darasani nafundisha.

#14 Jirani wa Nakuru
Hamjambo majirani. Hiyo hesabu ya viboko haitoshei. Sisi Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001, Katiba ya 2010 ikakazia. Na bado mathe akiona watu wanakaribiana kwa skrini anasema "kwani hakuna habari?" Habari zenyewe sasa! Maiti, ajali, polisi, tunakula chapati.

Hata wakubwa wetu ni hivyo. Kanuni za utangazaji zinasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku usionyeshe mambo ya watu wazima. Vizuri. Lakini 2017 bodi ya filamu ilipotaka katuni sita ziondolewe hewani, hoja ilikuwa mapenzi ya jinsia moja. Katuni ambazo paka anapigwa nyundo mpaka anakuwa bapa kama chapati zilibaki zake.

#15 Ustadh_K
Jirani, paka yule anainuka tena. Mtoto anajua ni mchezo.

#16 Binti wa Vuga
Hapo Ustadh amesema kitu, pengine bila kukusudia. Mtoto anajua damu ni rangi. Anajua aliyekufa leo kesho yumo kwenye muvi nyingine kavaa suti. Steringi hafi, hilo tumezaliwa nalo. Lakini busu, mwigizaji amebusu kweli. Midomo imegusana. Hakuna busu la rangi nyekundu ya kuchovya. Nadhani ndiyo maana hata mtu mzima anaona kama amechungulia dirisha la watu.

#17 Kanyaboya
Hii ya Binti wa Vuga ichapwe kitabu.

#18 Mzee wa Avalon
Vijana, nyinyi mnazungumzia vitu vya juzi. Runinga imekuja nchi hii 1994. Sisi tulilelewa na sinema. Avalon, Empire, na pale Msasani palikuwa na ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, ilifunguliwa 1966. Ndipo ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Baba alikuwa na Peugeot ya kazini. Tulikuwa tunakaa nyuma watoto watano, na wakianza kukaribiana mama anageuka: "Laleni!" Tunalala wote kwa pamoja, macho wazi. Wakianza kupigana risasi: "Amkeni, muone."

Filamu za Kihindi ndizo zilikuwa salama. Wakikaribiana tu wanajificha nyuma ya mti, maua yanatikisika, mvua inanyesha, wimbo. Baba aliweza kumpeleka hata mama yake.

#19 Binti wa Vuga
Mzee wangu, shikamoo. Kidogo nikusahihishe: 1994 ni huko bara. Zanzibar tulikuwa na televisheni tangu 1973, na ya rangi. Hayo ya Kihindi ni kweli, marehemu bibi alikuwa sinema ya Majestic kila wiki. Alikuwa anasema ule mti unasema mengi kuliko hao wanaonyonyana hadharani.

#20 Mzee wa Avalon
Marahaba binti. Nimepokea. Tatizo la bara, tukipata kitu tunadhani dunia nzima ndiyo imekipata.

#21 Msomi wa Kariakoo
Nimesoma kote. Tuache kujiona tuko peke yetu, Wamarekani ni sisi tupu, tena na katiba juu. Walipoanzisha daraja la PG-13 (la kuwatahadharisha wazazi wa watoto chini ya miaka 13) mwaka 1968 wazazi walikuwa wakali kwa mwili uchi kuliko bunduki. Mwaka 2004 titi moja la mwanamuziki Janet Jackson lilionekana nusu sekunde kwenye fainali ya mpira wao, kituo kikapigwa faini dola 550,000. Mchezo wenyewe watu wanagongana vichwa saa nzima, hakuna faini.

Kali zaidi ni kesi ya 2011. California ilitaka watoto wasiuziwe magemu ya ukatili. Mahakama Kuu kabisa ikaifuta sheria hiyo kwa majaji 7 kwa 2. Jaji Scalia akasema hadithi za watoto siku zote zina ukatili, mbona kwenye zile za kale za ndugu Grimm wa Ujerumani watoto wanamsukumia mchawi kwenye tanuri. Yaleyale ya zimwi la Mwl. Chaki! Jaji Breyer akapinga: kwa hiyo kijana wa miaka 13 mnamkataza kununua gazeti lenye picha ya mwanamke uchi, halafu mnamruhusu anunue gemu ambalo yeye mwenyewe anamfunga mwanamke kamba na kumtesa?

Swali la Kigoda hilo, limevaa joho.

#22 Mtu wa Malmö
Mkuu, 1968 ndipo mfumo wao wa madaraja ulipoanza, ukachukua nafasi ya kanuni za zamani zilizokuwa zikibana tangu 1934. PG-13 yenyewe ni ya 1984, na ililetwa na malalamiko ya wazazi kuhusu vitisho na ukatili, mojawapo ni ile ya Indiana Jones ambapo mtu anang'olewa moyo. Kwa hiyo hata huko kuna siku wazazi waliishtukia damu. Na ile faini mahakama iliifuta.

#23 Msomi wa Kariakoo
Nimesahihishwa, nashukuru. Hoja inabaki palepale.

#24 Kanyaboya
Hoja inabaki, miaka 16 imepotea.

#25 Mshika Deki
Ngoja niungame. Mwisho wa miaka ya 90 nilikuwa nashika deki kwenye kibanda, sitaji wapi. Kiingilio shilingi hamsini, mabenchi, sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya Mzungu. Onyesho la saa kumi jioni ni la watoto, na tajiri alinipa amri moja tu: wakianza kuvuana, peleka mbele. Nikipeleka mbele, kibanda kizima: "Ruuudishaaa!" Wazazi walikuwa wanapita nje wanasikia risasi, mayowe, mabomu, wanapita zao. Siku deki ilikwama kwenye kitanda, sauti ikavuja nje, akina mama watatu waliingia na mikungu ya ndizi vichwani wakatoa watoto wote. Mpaka wasio wao.

Saa nne usiku bei inapanda. Baadhi ya waliokuja saa nne ni baba zao waleale watoto.

#26 Shangazi Mdogo
Hahaha, "mpaka wasio wao".

Mnanifurahisha mnaposema Mswahili haongei mambo ya mapenzi. Nendeni kwenye unyago mkasikilize nyimbo. Nendeni Tanga mkaone baikoko. Taarabu nzima ni hayo hayo yamefunikwa kitambaa. Tunayasema sana, ila kwa zamu: msichana na somo yake, mjukuu na bibi yake kwa utani, wanawake na wanawake. Runinga ilichovunja ni hizo zamu. Imewakalisha baba, binti, mkwe na mtoto wa jirani mbele ya jambo moja saa moja. Somo wangu alinionyesha mambo ambayo hamtayaona kwenye muvi yoyote, na baba yangu alilipia sherehe. Angekufa kabla hajakubali kukaa mle ndani.

#27 Ustadh_K
Hapo tumekutana, Shangazi, ijapokuwa kwa njia mbili. Kila jambo na mahali pake.

#28 Mama Pacha
Huwa nasoma tu, leo naandika.

Mmeongelea mapanga, mabomu, paka. Hivyo hata mimi havinishtui. Hakuna aliyetaja kofi. Hizi filamu zetu na tamthilia za kutafsiriwa, mume anaingia, mke anauliza ulikuwa wapi, kofi. Saa moja na nusu usiku, watoto wote macho. Haina damu, kwa hiyo hakuna umri utakaoandikwa pembeni. Kwenye za kuchekesha ndiyo kabisa, kofi ndilo la kuchekea.

Nilitoka kwenye ndoa ya namna hiyo. Wanangu walikuwa na miaka mitano. Sasa wana tisa. Vita wanaangalia, wanashangilia kama wa Kigoda. Ila kwenye muvi mwanaume akipandisha sauti tu ndani ya nyumba, mmoja anainuka anaenda chumbani na mwenzake anapunguza sauti ya runinga, taratibu, bila kuniangalia. Hakuna aliyewafundisha.

Siku moja nikiwa kwa dada yangu, mume kwenye tamthilia akambusu mkewe kwenye paji la uso. Shemeji akahamisha. Tukaangukia chaneli nyingine, mwanaume kamshika mke nywele anamburuta. Hapo akaiacha, akaenda kuchaji simu.

#29 Dereva wa Usiku
Pole sana dada.

#30 Kigoda
Mama Pacha, nimeisoma mara tatu. Sina la kujibu kwa sasa.

#31 Jirani wa Nakuru
Pole mama. Na buda yangu alikuwa hivyo hivyo: alihamisha busu na alimpiga mathe. Sijawahi kuyaweka hayo mawili kwa sentensi moja hadi leo.

#32 Bando la Usiku
Nyie bado mko kwenye rimoti? Mwanangu wa darasa la tano ana simu ya mama yake. Jana nimeangalia alichopitia: mtu anapika, mtu anacheza, mtu anagongwa na treni kweli kweli sio muvi, binti anakata mauno, paka. Dakika mbili. Hakuna aliyekohoa, maana hakuna aliyekuwa naye. Mjadala wa sebuleni umepitwa, sebule yenyewe iko mfukoni.

#33 Mwl. Chaki
Bando, kweli, lakini kule anaona peke yake na anajua anajificha. Sebuleni anaona uso wako. Mtoto haangalii runinga, anamwangalia baba anavyoiangalia runinga. Kigoda alimfundisha mwanawe jana kwamba kichwa kikikatwa mtu anaendelea kula.

#34 Ustadh_K
Na kwamba busu linahitaji faragha. Sioni ubaya wa somo hilo.

#35 Shangazi Mdogo
La pili sina ugomvi nalo Ustadh. Ni la kwanza.

#36 Mzee wa Avalon
Mimi naomba jina la ile muvi ya Kigoda. Mnaijadili siku nzima hamjaitaja.

#37 Pweza Mkavu
Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

#38 Kigoda
Mzee, nilianzia katikati, jina sikuliona.

Mrejesho. Jana nimejaribu. Tamthilia, mama yupo, watoto wapo. Nimejiapiza rimoti siigusi. Wale wawili wakaanza kusogeleana kwenye veranda. Nimebana meno. Mama akanigeukia: "Leo mafua yamepona?" Kumbe siku zote anajua! Kabla sijajibu, yule wa miaka 8 akainuka mwenyewe, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji akaiweka mbele yangu. Sikumtuma.

Dakika kumi mbele mume akamzaba mkewe kofi. Nilishika rimoti. Mkono ulikuwa mzito, mama watoto akaniuliza, "unahamisha nini, hapa ndipo panaponoga?" Nikashindwa kumwelezea mbele ya watoto. Nikairudisha mezani.

#39 Kanyaboya
Maji uliyanywa?

#40 Kigoda
Niliyanywa yote.

#41 Msomi wa Kariakoo
Fundi Dishi, tukiwa hapahapa: niliweka namba ya siri mwaka jana nimeisahau, na tamthilia ya mama watoto imejifunga yenyewe usiku huu. Hali si nzuri.

#42 Fundi Dishi
Jaribu sifuri nne. Ikikataa, moja mbili tatu nne. Zikikataa zote muulize mwanao mkubwa.

#43 Msomi wa Kariakoo
Mwanangu anayo.